Mandhari Tano Zisizo na Kitu, na Macho Hayabanduki

Kuna watu wanaoamini katuni nzuri ni ile iliyojaa pomoni: kila jani limechorwa, kila unywele unapepea. Wapendwa, leo tunabishana. Kompyuta za siku hizi zinaweza kuotesha msitu mzima kabla chai haijapoa. Msanii anayeamua kubaki na ardhi, anga na mtu mmoja amejitwisha mzigo mzito, kwa sababu kila anachokiweka pale kitaonekana, hata kosa. Tuhesabu kutoka chini kwenda juu.

5. Mountain, ya David OReilly (2014)
Mlima mmoja, unaelea angani. Basi. Hii si filamu, ni mchezo wa kompyuta: programu inakuuliza maswali machache, unajibu kwa kuchora, nayo inakuundia mlima wako. Mvua inanyesha, usiku unaingia, mara kitu cha ajabu kinadondoka kutoka juu na kujichomeka ubavuni. Utauliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Tazama tu, ndugu yangu. Vidole vipumzike.

4. Long Way North, ya Rémi Chayé (2015)
Binti wa Kirusi anaelekea Ncha ya Kaskazini kutafuta meli ya babu yake. Vitu havina mstari wa wino wa kuvizunguka. Rangi inakutana na rangi, yamekwisha. Barafu ni mabaka mawili matatu, na baridi yake inapenya hadi mifupani. Vaa sweta.

3. The Red Turtle, ya Michaël Dudok de Wit (2016)
Mwanamume ametupwa na bahari kisiwani, na kwa dakika kama 80 hakuna mazungumzo. Mandhari za nyuma zilichorwa kwa mkaa kwenye karatasi, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta. Ndiyo maana anga lile lina chembechembe, halitelezi kama plastiki. Wengine hutoka wakibishana kuhusu kasa mwekundu aliyeipa filamu jina. Mimi nawaomba warudi wautazame mchanga, na wale kaa wadogo wanaonichekesha kila wanapochomoza.

2. Boy and the World, ya Alê Abreu (2013)
Hapa Brazili imetufundisha kazi. Mtoto mwenye kichwa cha mviringo na macho ya vijistari viwili anaishi kwenye karatasi nyeupe: mti hapa, nyumba pale, kwingine kote weupe. Baba anapanda treni kwenda kutafuta kazi, mtoto anamfuata, na kadiri anavyoukaribia mji karatasi inazidi kujaa: mashine, magari, vipande vya matangazo vilivyokatwa magazetini. Ulitaka vitu vingi? Haya, chukua! Baada ya muda mfupi unautamani weupe wa kule nyumbani mpaka koo linakaba. Abreu hahitaji kutuhutubia kuhusu kile mji unachowafanyia watu wa shamba. Ameujaza ukurasa, tukaelewa.

1. Away, ya Gints Zilbalodis (2019)
Kijana huyu wa Latvia aliitengeneza filamu ya dakika 75 peke yake, muziki ukiwemo, kwa zaidi ya miaka mitatu. Mtu mmoja hawezi kupanda miti elfu kumi, kwa hiyo hakuipanda. Alichofanya ni kuiachia kamera itembee muda mrefu bila kukatwa, juu ya ardhi pana isiyo na kichaka cha kujifichia. Sasa weka humo mvulana juu ya pikipiki, na nyuma yake jitu jeusi linalotembea polepole. Unaliona toka mbali. Halikimbii, wala halipotei machoni. Msitu ungeiua hofu ile, maana ungeweza kujidanganya kwamba limepotea njia.

Halafu linakuja ziwa. Maji ni haba na yametulia, anga lote limelala ndani yake, na pikipiki inapita juu ya mawingu. Upeo wa macho umefutika. Hujui juu ni wapi, chini ni wapi, na hakuna neno lililosemwa. Niambie ungeongeza nini pale. Mtende? Usithubutu!

Mwaka 2025 Zilbalodis alichukua Oscar kwa Flow, safari hii akiwa na timu na programu ya bure, Blender. Flow ina misitu, mafuriko na paka asiye na mfano, na nimeipenda kwa moyo wote. Ila kama una jioni moja tu, anza na ziwa.