Mwongozo kwa Anayeshika Usukani kwa Ncha za Vidole

Mtazame mwenye gari wa Dar es Salaam saa nane mchana, mwezi wa Januari, anapolirudia gari aliloliacha juani tangu asubuhi. Haingii. Anafungua mlango, anarudi nyuma hatua mbili, anasubiri. Kisha anaufungua na kuufunga mlango ule ule kwa nguvu, mara kadhaa, kama anayepepea jiko la mkaa. Anaketisha upande mmoja wa makalio, anaruka. Hatimaye anakaa, anashika usukani kwa ncha za vidole viwili, na kuondoka akiwa ameinamia mbele ili mgongo usiguse kiti. Huyu ndiye tunayemwandikia. Gari amelinunua, ushuru ameulipa huku akiuliza kama wamejumlisha na bei ya meli, muziki amefunga. Kimebaki kipande cha plastiki chenye rangi ya fedha cha kuweka kwenye kioo cha mbele, na juu ya hicho bado anashauriana na nafsi yake.

Kwanza amjue adui. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha walichokiona baada ya kuegesha magari juani na kivulini mjini Tempe wakati wa kiangazi. Kwa wastani, baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilifika nyuzi 47 za Selsiasi, kiti nyuzi 51, usukani 53, dashibodi 69. Katika magari ya kivulini hewa ilikuwa 38, usukani 42, dashibodi 48. Tempe ni jangwani na joto lao linalizidi letu, lakini wao hawana mvuke wa pwani, kwa hiyo tusioneane wivu. Itazame tu hiyo 69. Wataalamu wa usalama wa chakula huko huko Marekani husema samaki ameiva ndani yake ikifika nyuzi 63. Maana yake kuna dashibodi duniani inayoweza kukuivishia changu ukiwa kwenye kikao, na yako huenda inajifunza.

Jambo lenyewe halina uchawi. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo bila kubisha hodi, hugonga dashibodi nyeusi, hugeuka joto. Joto hilo likitaka kurudi lilikotoka, kioo kinalikatalia, na hewa iliyopashwa haina mlango wa kutokea. Kwa hiyo kazi ya kizuia jua ni moja tu: kuukamata mwanga kabla haujafika kwenye dashibodi na kuurudisha nje ukiwa bado mwanga. Ndiyo sababu kinang'aa. Na ndiyo sababu, kwa mujibu wa fizikia, mahali pake bora ni nje ya kioo, joto lisivuke kabisa. Kwa mujibu wa mtaa, kizuia jua cha nje kitakuwepo mpaka saa nne asubuhi.

Yupo atakayesema yeye anaacha upenyo wa kidole kwenye kila dirisha, gari lipumue. Utafiti wa mwaka 2005 wa madaktari wa Stanford ulilipima hilo pia: ndani ya saa moja joto lilipanda kwa takribani nyuzi 22, asilimia 80 ya kupanda huko ikiwa ni katika nusu saa ya kwanza, na kuacha dirisha wazi kidogo hakukubadilisha jambo la maana. Kwetu upenyo huo humsaidia kijana mwenye waya. Hapa niweke kejeli kando kwa sentensi moja: mtoto haachwi ndani ya gari, si kwa dakika chache, si kwa upenyo wa dirisha, si kwa kizuia jua cha bei yoyote.

Utauliza pia kwa nini ununue kitu wakati kuna miti. Swali zuri, ila mti una masharti. Mwembe ndio wenye kivuli kizito kuliko yote mjini, lakini msimu wake wa kuangusha maembe, Novemba hadi Februari, ndio huo huo msimu wa kaskazi ambao kivuli chake kinagombewa. Dodo likidondoka kutoka juu halitafuti pa kutua, linatua kwenye boneti. Mnazi usiujadili. Mkungu una majani mapana na matawi yaliyotandaa, na kunguru wanaupenda kwa sababu zile zile unazoupendea wewe. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakasambaa hadi bara, na tangu wafike Dar hakuna aliyepata kuwaona wakijisaidia mahali pengine ikiwa chini pana gari jeupe lililotoka kuoshwa.

Halafu jua halikai. Kivuli ulichokiwahi saa mbili asubuhi kiko magharibi mwa mti. Ikifika saa nane kimeshahamia mashariki, kinapoza pikipiki ya mtu. Desemba na Januari jua la adhuhuri huelemea kusini, hivyo egesha kaskazini mwa shina. Juni fanya kinyume. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita wima juu ya utosi wa jiji, na kivuli chote cha saa sita hujikusanya miguuni mwa mti, mahali ambapo mama ntilie ameshapanga viti vyake. Mtu anayeweza kukumbuka yote haya hahitaji kizuia jua. Anahitaji ajira Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Tununue, basi. Kariakoo vizuia jua vipo tele, lakini mwenye gari wa kweli hakifuati, anakisubiri kije. Kitamfuata kwenye foleni ya Mwenge, Tazara au Magomeni, kwapani mwa kijana ambaye bega moja limebeba chaja za simu na jingine limebeba ramani ya dunia.

"Bosi, hii inaingia gari zote."

"Bei gani?"

"Kwako wewe, elfu kumi na tano."

"Elfu tano."

"Bosi, hapo hata mtaji haurudi. Shika kwanza uone."

Usishike. Aliyeshika ameshanunua. Tazama taa badala yake, kwa sababu bei ya kizuia jua inatawaliwa na taa kuliko dola. Nyekundu ikiwa mbichi, kijana ana subira ya mvuvi na elfu kumi na tano ni elfu kumi na tano. Magari ya mbele yakianza kuwasha injini, ni kumi. Ukitia gia anasema nane, na ukianza kutembea atakimbia sambamba na dirisha akipaza sauti ya sita, hapo ndipo unapogundua kwamba una noti ya elfu kumi peke yake na kwamba yeye, kwa bahati mbaya sana, hana chenji. Ushauri wetu ni kwamba usijadiliane ukiwa gari la kwanza kwenye mstari. Nyuma yako kuna daladala, na konda wake atakupa neno.

Sasa hiyo "inaingia gari zote". Ni kweli kabisa, kwa maana kwamba hakuna kinachoizuia kuingia. Mlango ni mpana. Kwenye kioo ndiko penye maswali. Kioo cha Passo na kioo cha Alphard havijawahi kuwa ndugu, na kizuia jua kilichokatwa ili kiwatoshe wote kitaninginia kwenye Passo na kuacha pande mbili wazi kwenye Alphard. Zitazame pande hizo vizuri, maana jua nalo litazitazama, na kwa kawaida moja iko sawasawa na usukani. Dawa ni kupima: upana wa kioo chini, na kimo katikati, kutoka dashibodi hadi nyuma ya kioo cha kutazamia. Futi kamba inauzwa taa ile ile. Lakini wewe utapima kwa macho, kama ulivyopima kabati lililokwama mlangoni, kwa hiyo tuendelee.

Aina ni nyingi na nyingine hazistahili wino. Vile vya wavu mweusi vyenye vikombe vya kunyonya ni vya vioo vya pembeni, na vikombe hivyo hunyonya kwa siku mbili, baada ya hapo vinaomba mate. Cha mwavuli ni kizuri na cha haraka: unakifungua ndani ya gari, mbavu zake zinakwaruza dari, mpini unakwenda kugota kwenye ile skrini ambayo mpaka leo inakusalimia kwa Kijapani. Cha povu lenye ngozi ya fedha, kinachokunjwa kwa mikunjo au kuviringishwa, ndicho kinachofanya kazi vizuri kuliko wenzake, ni kinene, kinakaa karibu na kioo, na hakuna anayekinunua kwa sababu kinajaza kiti cha nyuma na kinafanana na kitu cha hospitali.

Babu yao wote ni wa kadibodi. Miaka ya 1980 vya kadibodi vilienea Los Angeles, vikiwa na picha ya miwani mikubwa ya jua upande wa nje, na mgongoni maandishi ya kuomba msaada, dereva aliyekwama avigeuze ili apitaye awaite polisi. Kwetu maandishi hayo hatuyashauri. Wanaweza kuja kweli, na wakaanza na stika.

Lakini Dar es Salaam imechagua, na imechagua cha waya. Ni kitambaa chepesi cha rangi ya fedha kilichoshonewa waya wa chuma pembeni, unaojikunja na kujikunjua kwa hasira yake mwenyewe. Kukifungua hakuhitaji mafunzo: unakiachia, kinaruka, kinakupiga kidevu, kazi imekwisha. Kukikunja ndiko tunakotofautiana na wanyama, na si wote tunafaulu. Kanuni inasema hivi: shika kingo mbili zinazokabiliana, kiganja kimoja kitazame juu na kingine chini, pindua mikono kwa mpigo mmoja hadi waya ujikate kuwa namba nane, kisha laza duara moja juu ya jingine. Muuzaji alifanya hivyo kwa mkono mmoja huku akitafuna. Wewe utafanya mbele ya mlinzi, mkusanya ushuru wa maegesho na mabinti wawili wa ofisi ya jirani, ukiwa na tai. Jaribio la kwanza litatoa kitu chenye umbo la tandiko la ngamia. La pili litakuvua miwani. Mlinzi atasema, "Mzee, zungusha kwa huku," nawe utazungusha kwa huku, na kitafunguka chote ndani ya gari la mwenzio. Usipoteze muda na ule mfuko wake mdogo wenye zipu. Ulishonwa kwa kipimo cha kizuia jua ambacho hakijawahi kufunguliwa, na hakuna kilichowahi kurudi humo.

Suala la upande wa kutazama nje limeleta mgogoro pasipo sababu. Wapo wanaoelekeza rangi ya fedha ndani, kwenye viti, kwa hoja kwamba wamelipia na wanataka kuiona. Tunaiheshimu hoja hiyo. Isipokuwa jua liko upande wa pili, na upande wa pili wewe umeuwekea kitambaa cheusi, rangi inayoupokea mwanga wote na kuugeuza joto hapo hapo, ndani ya kioo.

Wasiopenda kununua watatumia kilichopo. Fulana ya kampeni ya chama inafaa, hasa ya njano kuliko ya kijani iliyokoza, nasi tunazungumzia mwanga tu, si siasa. Boksi la televisheni linazuia vizuri, na linawaarifu wapita njia kwamba nyumbani kuna televisheni. Kanga ni chaguo la heshima, ila soma jina lake kwanza, kwa sababu litasomeka nje siku nzima mbele ya ofisi ya bosi wako, naye ataamini umemlenga. Wenye manyoya juu ya dashibodi tunawapongeza kwa namna ya pekee: yanailinda dashibodi isipasuke, na mchana wa kaskazi inapendeza kuona kitu kimevalishwa sweta.

Usitarajie makuu, hata ukikipata kinachokaa sawasawa. Kizuia jua kinaokoa usukani, dashibodi na sehemu ya mbele ya kiti. Hewa bado itakuwa ya moto, maana vioo vya pembeni, cha nyuma na bati la paa vinaendelea na shughuli zao. Ukifika fungua dirisha la abiria, kisha pepea mlango wako. Ndiyo, ule mchezo wa mwanzo ulikuwa wa maana, ulikosa dirisha tu. Unasukuma hewa ya moto nje na kuvuta ya nje ndani, na kiyoyozi kinaanza kazi kikiwa na la kujitetea.

Na kinahitaji kuwekwa. Tunalisema kwa sauti ya chini kwa sababu vizuia jua vingi vya jiji hili, hivi tunavyoandika, viko kwenye buti, gizani, chini ya tairi la akiba, salama kabisa na jua. Mwenye gari anasema anatoka mara moja tu, dakika tano, anaingia benki. Benki ina foleni. Anayejijua kuwa wa dakika tano akiweke kwenye kiti cha abiria, mahali kitakapomkera kila akipiga kona.

Kikitumika kweli, kitachoka. Msimu mmoja wa kaskazi, ngozi ya fedha inaanza kubanduka vipande vipande na kukaa kwenye suruali nyeusi, waya unachomoza kwenye kona na kuanza kuchora dashibodi uliyokuwa unailinda. Risiti hukupewa. Rudi taa ile ile. Kijana wako ameshahamia kuuza miavuli ya masika, lakini mwenzake yupo, na kabla hujamaliza kulalamika atakuwa ameshakipokea hicho kibovu mkononi, amekikunja mara moja, kimetoshea kwenye mfuko wake, na amekuuliza kama unataka kipya au umrudishie hiki kwa elfu moja.