Bastola ya Malakiti

Wako watu ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia sauti ya kuamrisha umati, na wako wengine, nami ni miongoni mwao, ambao wakipiga ukelele uwanjani hata mbwa aliyelala chini ya mwembe hainui sikio. Na kwa kuwa shuleni kwetu, katika komini ya Katuba hapa Lubumbashi, kila mwezi wa Juni hunipasa mimi kuanzisha mashindano ya mbio, nilikuwa nikiitunza kama mboni ya jicho bastola kuukuu ya kazi hiyo, ambayo haipigi risasi, maana kasiba yake imezibwa tangu kiwandani, lakini kishindo chake hutosha kumshtua mvivu wa mwisho.

Ila yake ilikuwa moja tu: kifyatulio kilikuwa kigumu hata hunilazimu kukivuta kwa vidole viwili na kukunja uso, sura ambayo wanafunzi wangu, kwa adabu zao haba, wakiiigiza kila nilipogeukia ubao. Ndipo nikanuia kuipeleka kwa fundi wa bunduki katika komini ya Kenya, mzee atengenezaye magobore ya wawindaji, ambaye hakuniruhusu kuketi kabla ya kunifahamisha kwamba babu wa babu yake ndiye aliyekuwa fundi wa Mwami M'siri, yule mtu wa Unyamwezi aliyekuja Katanga kwa biashara ya shaba na pembe akaishia kuwa mfalme wa Bunkeya, hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa bastola ya Kapteni Bodson. Sikustaajabu, kwani mafundi wote wa bunduki niliopata kukutana nao mjini kwetu ni vitukuu vya fundi wa M'siri, na ukiwahesabu utaona kwamba mfalme yule alikuwa na mafundi wengi kuliko bunduki.

"Mwalimu, hii dawa yake iko kidogo tu," akasema, akinionyesha kamani inayoisukuma nyundo, na kuniahidi kuweka nyingine iliyo laini. Laiti ningalishika njia yangu hapo hapo, kusingalikuwa na kisa. Lakini jicho lake likashuka kwenye mpini, ulioingia ufa nami nikaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akatikisa kichwa kama tabibu aliyeitwa akiwa amekwisha chelewa. "Mutu mukubwa sawa weye, na mupini ya namna hii? Haina muzuri."

Ghururi haibishi hodi mara mbili. Nikamwachia afanye apendavyo.

Baada ya wiki mbili nikakabidhiwa kitu ambacho ningekiona dukani nisingethubutu kuuliza bei. Mpini ulikuwa wa malakiti, lile jiwe la kijani lizaliwalo na shaba, ambalo mafundi wa mji wetu hulichonga mayai na mamba wa kupambia meza. Shingoni umezungushwa waya wa shaba nyekundu, na kasiba imesuguliwa hata nikajiona pua. Kidole kimoja sasa kilitosha kufyatua. Mkono mmoja ndio haukutosha kuinua. Nikalipa thamani ya mbuzi wawili, nikatoka kifua mbele, wala sikuijaribu, kwa kuwa fataki ni ghali.

Siku ikafika, na baridi yake ya Juni. Wanafunzi wanane wameinama, vidole katika vumbi jekundu; na mita 100 mbele yetu wapima saa wamekaza macho kwenye mkono wangu, maana wamefundishwa kufuata moshi wala si mlio, ambao huwafikia umechelewa karibu theluthi ya sekunde.

Nikafyatua. Ta! Mfano wa kuku adonoaye kopo. Kamani laini iliyokipunguzia kidole taabu, kumbe iliipunguzia na nyundo nguvu, na fataki haiwaki kwa kutekenywa. Nikafyatua tena: ta! Mara ya tatu gundi ya fundi ikasalimu amri, kipande cha malakiti kikabanduka, kikashuka kwa adhama yake yote juu ya kidole gumba cha mguu, ambacho kandambili ilikuwa imekiacha wazi.

Sauti iliyonitoka sikupata kuijua. Wote wanane wakachomoka kwa pamoja, akina mama wauza mandazi wakasimama, na yule mbwa wa mwembeni akavuka uzio. Wapima saa peke yao hawakutikisika, hawakuona moshi. Kwa hiyo katika daftari la shule mbio za mwaka ule zina mshindi, lakini hazina muda.

Kesho yake nikachechemea hadi Kenya kudai kamani yangu ya kale. Fundi akanisikitikia kwa dhati, kisha akaeleza kwamba haiwezekani: amekwisha iweka katika gobore la mwindaji mmoja, naye tangu juzi anakuja kulalamika kwamba hulivuta kwa vidole viwili.