Niacheni na Kitufe Changu

Hakuna neno linalonishtua kazini kama "maboresho". Mkaguzi akija najiandaa, bosi akifoka nanyamaza, lakini maboresho hayana dawa. Unafungua kompyuta tarehe ya kufunga hesabu, kazi imekukaba kooni, na juu ya skrini kuna utepe wa zambarau unakushangilia: tumekuletea vipengele vipya! Chini yake vitufe viwili: "Nionyeshe" na "Nikumbushe baadaye". Cha tatu, "Niacheni nifanye kazi", hakuna aliyekumbuka kukitengeneza.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam: saruji, nondo, mabati, misumari. Zamani tulikuwa na programu moja kwenye kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa. Kisha bosi akaalikwa semina hotelini, akala chakula cha mchana cha wauzaji, akarudi ametuhamishia kwenye wingu. Sasa tuna jukwaa la data la kibiashara. Jina lake silitaji, maana gazeti likitoka huenda limeshapewa jingine.

Msidhani natania. Ghala la data la Microsoft lililoitwa Azure SQL Data Warehouse liligeuka Azure Synapse Analytics mwaka 2019, na 2023 ikaja Fabric, ikawa ndiyo habari ya mjini. Google nao hawakubaki nyuma: G Suite ikawa Google Workspace 2020, Data Studio ikawa Looker Studio 2022, Bard ikawa Gemini 2024. Ukienda kozi ya vitu hivi, soma upesi. Unaweza kurudi na cheti kizuri, chenye muhuri, cha kitu ambacho hakiitwi hivyo tena.

Majina ningeyavumilia. Kinachonitoa jasho ni kitufe cha kupakua ripoti. Kilikuwa juu kulia, mkono ukawa unakwenda wenyewe. Wakakihamishia kushoto. Nilipokizoea kushoto, wakakificha ndani ya vidoti vitatu. Safari hii hata kwenye vidoti hakipo. Nikamwita kijana wetu wa TEHAMA.

"Mwanangu, kitufe changu kimekwenda wapi?"

"Mzee, siku hizi hatupakui. Unaiuliza akili mnemba, inakuchorea grafu."

"Mimi nataka namba, niziweke Excel."

"Excel imepitwa na wakati, mzee wangu."

Michango ya harusi ya dada yake anaitunza kwenye Excel. Nimeiona.

Haya, nikaiuliza akili mnemba: tumebakiwa na saruji kiasi gani? Ikajibu haraka, kwa adabu zote, kwamba tuna bidhaa nne za aina hiyo: saruji, simenti, simiti na SRJ. Yote ni mifuko ileile, stoo ileile, imeingizwa na watu tofauti kila mmoja kwa lugha ya kwao. Ikaongeza na ushauri ambao sikuuomba: simiti haiuziki, tuachane nayo. Bosi akavutiwa sana. Mtunza stoo alipopelekewa habari aliuliza swali moja tu: "Tukiachana na simiti, hiyo saruji mtaitoa wapi?"

Hapo ndipo penye kero yangu yote. Vipengele vipya vinatengenezwa kwa ajili ya mtu anayetazama projekta. Anayeingiza namba, amesimama kwenye vumbi huku lori linapiga honi, hajaletewa kipengele hata kimoja. Yeye ameongezewa visanduku vya kujaza. Akichoka anaandika SRJ, na ile SRJ inapanda hadi kwenye grafu ya rangi saba inayopigiwa makofi kikaoni.

Tuje kwenye bili. Programu ya zamani tulinunua mara moja, basi. Wingu unalipia hata pumzi. Kwa Snowflake, jukwaa jingine la data la wingu, ukiamsha mashine zake kwa swali la sekunde tatu unatozwa dakika nzima, maana sekunde 60 ndicho kiwango cha chini. Kwa BigQuery, ghala la data la Google, kama hamkununua uwezo wa jumla, mnatozwa kwa data inayosomwa. Omba mistari kumi ya jedwali la kawaida, unalipia safuwima nzima ulizozigusa. Ni sawa na kuonja embe moja sokoni ukadaiwa tenga. Microsoft nao walipoanza kuuzia makampuni Copilot, akili mnemba yao, Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa mtumiaji kila mwezi, juu ya leseni iliyokuwapo. Dola, ndugu zangu. Sisi nondo tunauza kwa shilingi.

Na wingu lenyewe wala haliko juu. Microsoft walifungua vituo vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakafuata Johannesburg 2024. Kwa hiyo mfuko wa saruji uliopo Buguruni, hatua chache kutoka mezani kwangu, huenda ukahesabiwa Afrika Kusini, jibu likarudi kwa njia ya bahari. Mei 2024 nyaya zilikatika baharini huko kusini, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Dashibodi yetu ikabaki kiduara kinachozunguka. Wateja wapo, malori yapo. Mtunza stoo akavuta kauntabuku lake chini ya meza, akaendelea kuuza. Hakualikwa Las Vegas, ambako Amazon hutangaza mapya yake karibu kila mwaka tangu 2012, akaeleze ubunifu huo.

Sikatai, wingu lina faida. Tawi la Mwanza likiuza bati naliona papo hapo, na kompyuta ikiungua hesabu haziungui nayo. Kwa hilo pekee ningelipa bila kinyongo. Lakini hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Haya yaliyoongezwa juu yake ndiyo yanayonizeesha.

Basi mabosi mnaoalikwa semina, nawaomba: mkimaliza kula, ulizeni maswali matatu. La kwanza, intaneti ikikatika tutauza vipi? La pili, dola ikipanda bili yetu itakuwa shilingi ngapi? La tatu, tukitaka kuhama, data zetu tutazitoaje? Hilo la tatu msilione dogo: kwa miaka mingi kuingiza data kulikuwa bure na kuzitoa kwa malipo, na ni mwaka 2024 tu ndipo Google, kisha Amazon na Microsoft, walipotangaza kuondoa ada hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja.

Wakishajibu, msisaini bado. Mwiteni mtunza stoo akae mstari wa mbele, apewe hicho kitu akijaribu mwenyewe. Akikiweza, nunueni. Akishindwa, rudini ofisini mikono mitupu, kwa sababu bila namba zake, hizo dola zote mtakuwa mmenunulia rangi.