Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Kwa Mamlaka Husika,
Popote Mlipo.

YAH: MAOMBI YA RISITI YA BAHARI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Natumai barua hii itawakuta wazima wa afya, au walau itawakuta semina. Nimeiandika hadharani kwa sababu sikupata sanduku lenu la posta. Kila mtu anawataja. Mto ukifurika, mamlaka husika zinafuatilia. Ukuta ukianguka, mamlaka husika zimesikitishwa. Mwananchi akiona jambo, aziarifu mamlaka husika. Nimeishi miaka 46 sijawahi kuona mlango wenye kibao cha jina hilo. Pesa zangu, hata hivyo, zinaijua njia ya kwenu, na ndizo zilizonipa ujasiri wa kuandika.

Januari hii nilivuka maji kutoka Dar hadi Unguja na mpwa wangu wa miaka tisa. Tukapanda daladala hadi Matemwe, tukafika pwani ya Muyuni, tukachukua boti kwenda Mnemba kuangalia samaki. Kuangalia tu, si kuvua. Unavaa miwani, unang'ata mrija, unalala kifudifudi juu ya maji kama dafu lililochukuliwa na mkondo. Bibi yangu, aliyeokota pweza maisha yake yote, angekuwa hai angeniuliza swali moja: mnalipa ili msivue?

Ndiyo, bibi, tulilipa. Kabla ya boti kusukumwa tuliambiwa kuna nauli, kuna kukodi miwani, na juu yake kuna ada ya hifadhi. Nauli niliielewa, miwani niliiona. Nikauliza risiti ya hiyo ada ya hifadhi. Kijana mwenye daftari akanitazama kwa huruma, akasema, "Itakuja, kaka." Waheshimiwa, haikuja. Na sisi tumelelewa na matangazo: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Basi nadai. Lakini msiniletee karatasi yenye kiasi na tarehe. Kiasi nakijua, kilitoka mfukoni mwangu. Nataka iandikwe nilinunua nini.

Nitawasaidia kuijaza.

Kisiwa chenyewe hatukukinunua. Mnemba ni kidogo, mzunguko wake ni kama kilomita moja na nusu, na kimekodishwa kwa hoteli moja. Asiye mgeni wa hoteli hakanyagi mchanga. Tulikitazama tukiwa majini. Mpwa wangu akauliza kama ile ni nchi nyingine. Nikamwambia hapana, ni kwetu, ila ni kwetu kwa kutazama.

Pomboo walikuwepo. Niliwaona mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wanakimbia. Pomboo akiibuka, mashine zote zinawashwa kwa pamoja. Boti zinamkata mbele na nyuma, na mabaharia wanapiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano kwamba rukeni, rukeni sasa hivi. Watu wanaruka. Niliona mzungu mmoja karuka na kofia yake. Mnyama huyu ana saa zake za kuwinda na saa zake za kupumzika, na mimi niliyekaa foleni za kivuko najua mtu aliyekosa usingizi anafananaje. Nilihesabu boti hadi arobaini, nikaacha, maana zilizobaki zilikuwa zinazunguka.

Sasa nanga. Hapa naomba mkae vizuri.

Maboya ya kufungia boti tuliyoyaona yalikuwa yameshawahiwa. Nahodha wetu, mzee wa makamo, mpole, akatupa nanga. Si nanga ya kiwandani; ni ile tunayoijua sote, nondo nne zilizokunjwa na kuchomelewa. Nilikuwa tayari majini na miwani yangu, kwa hiyo nilibahatika kuishuhudia ikishuka. Ilitua juu ya tumbawe la mviringo lililofika kama goti langu. Boti ikavutwa na mkondo, kamba ikakaza, tumbawe likabanduka kama kipande cha mkate wa kumimina.

Tumbawe la aina ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: goti langu ni sentimita 50. Kiumbe kile, maana tumbawe ni kiumbe, si jiwe, kilikuwa kinakua kabla mimi sijazaliwa. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipopausha na kuua matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, chenyewe kikanusurika. Kikanusurika na baruti za wavuvi haramu. Kikaja kufa Jumanne moja saa tatu asubuhi, kwa nondo, ndani ya eneo la hifadhi, chini ya mtu aliyetoka kulipia hifadhi.

Nilipanda botini nikamwambia nahodha, "Mzee, nanga imevunja." Hakubisha. Alisema, "Mwanangu, hilo boya la kufungia liko wapi?" Nikakosa jibu. Nimekuja kwenu kwa sababu swali ni lake, mimi nimetumwa tu.

Msiniambie haiwezekani. Hapo hapo Unguja, Chumbe ni hifadhi tangu 1994. Waliokuwa wavuvi walifunzwa wakawa walinzi wa mwamba, wageni hupokewa kwa idadi, na watoto wa shule hupelekwa na kuzamishwa vichwa majini wakaone mali yao. Yapo, basi, yanayowezekana kwa bahari ile ile na kwa Wazanzibari wale wale.

Cha mwisho nilichopokea ni kiti cha pweza kimoja, chekundu, kilichopita mikono kumi na moja kikipigwa picha juani kabla hakijarudishwa majini, na mpwa wangu ndiye alikuwa mkono wa kumi na mbili. Akakataa. Alisema, "Anko, hawezi kupumua." Sikumfundisha mimi.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Siku ile nilimwona mtumishi mmoja akifanya kazi. Hakuwa na koti wala kitambulisho. Alikuwa pono. Ukitulia kimya majini unamsikia: kra, kra, kra, anang'ata mwamba uliokufa kwa mdomo wake kama koleo, anakula mwani ulioota juu yake ili matumbawe machanga yapate pa kushika. Mawe anayoyang'ata yanasagwa na meno ya kooni, yanatoka kwa nyuma yakiwa mchanga mweupe. Pono wakubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ule ufukwe mnaoupiga picha kwenye vipeperushi, mnaouita wa unga wa lulu, sehemu yake ni mavi ya pono. Mwekezaji halisi ni yeye, na hajawahi kuomba msamaha wa kodi.

Halafu sisi Waswahili, kwa kukosa adabu, mtu akilala fofofo tunasema amelala usingizi wa pono! Ni kweli analala sana. Wako hata wanaojifunika usiku utandu wa ute, kama chandarua. Lakini analala usiku, baada ya zamu. Naomba kuanzia leo misemo ya usingizi itafutiwe mfano mwingine, na mfano wenyewe sitautaja, kwa heshima.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Toeni risiti yenye safu moja tu: idadi ya maboya yaliyofungwa mwaka huu kwa ada zetu. Mkiwa na namba, iandikeni. Mkikosa, andikeni sifuri, mgonge muhuri, nami nitaipokea kwa mikono miwili. Na mnielekeze ofisi ilipo, nije kuichukua mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipaji.

Nakala: Pono, Mnemba. Apelekewe mchana. Usiku amelala.