Ghorofa la Chipsi na Mayai

Nilikuwa nimepiga magoti uani, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, nikiukata mguu wa nne wa banda kwa mara ya tatu. Fundi seremala, jirani yetu, alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua akinitazama kama anayetazama mpira. Nikikata mguu mmoja, banda linaegemea kushoto. Nikikata wa pili, linaegemea kulia. Asubuhi lilikuwa limefika kiunoni kwangu. Saa saba mchana likawa magotini.

"Endelea tu, baba Neema," fundi akasema. "Mwishowe utafika chini, na chini hapayumbi."

Niliona ananikejeli. Ilinichukua miezi mitatu kujua kwamba siku ile fundi alinipa ushauri wa bure, nami sikuupokea kwa sababu ulikuwa wa bure.

Mambo yalianza Desemba. Watoto walitaka mbwa, na mwenye nyumba hataki mbwa. Tunapanga Tabata, na katika nyumba ya kupanga mtu hujifunza kupenda kile ambacho mwenye nyumba hajakikataza. Mke wangu, ambaye ni Mbena wa Njombe, akasema kwao watu wanafuga simbilisi tangu zamani, hawabweki, hawaumi na hawaruki ukuta. Akampigia simu kaka yake. Baada ya siku mbili nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, napokea kikapu kilichoshonwa mdomo kwa kamba. Kwenye risiti ya mzigo wameandika "parachichi". Parachichi zikapiga mluzi.

Kwa ambaye hajawahi kumwona, simbilisi ana ukubwa wa kiatu cha mtu mzima. Hana mkia, na shingo yake ni ya kutafuta. Miguu ya mbele ina vidole vinne vinne, ya nyuma vitatu vitatu, kana kwamba aliyekuwa akihesabu aliitwa njiani. Wengine humwita pimbi, lakini huko ni kumsingizia, maana pimbi mwenyewe yuko zake kwenye miamba. Waingereza nao humwita nguruwe wa Guinea, ilhali si nguruwe, wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka.

Walikuwa wawili kwa sababu simbilisi ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake hunyong'onyea. Uswisi wamelitungia jambo hili sheria kabisa: hairuhusiwi kumfuga mmoja. Shemeji aliapa kwenye simu kwamba wote ni majike. Watoto wakawapa majina, wa kahawia akawa Chipsi, mweupe mwenye baka la manjano akawa Mayai.

Banda la kwanza lilikuwa boksi la televisheni. Nililitoboa matundu ya hewa, nikatandika magazeti, nikalala nikiwa najisifu. Nilikuwa sijui mambo mawili. La kwanza, meno ya simbilisi hayaachi kukua, kwa hiyo hana budi kutafuna mchana na usiku. La pili, anakojoa kana kwamba analipwa. Siku ya pili boksi lilikuwa limelowa chini na kuliwa ubavuni, na wapangaji wake hawamo. Tuliwatafuta chini ya kochi, nyuma ya friji, ndani ya viatu. Tuliwapata jioni, Simba na Yanga wakiwa uwanjani dakika ya kumi na sebule imejaa majirani, pale picha ilipokatika ghafla. Chipsi alikuwa nyuma ya kabati, ameshika waya wa king'amuzi mdomoni kama bibi anayetafuna muwa.

Banda la pili lilikuwa makreti ya bia. Nilimwazima mwenye grosari manne, nikayapindua, nikayafunga pamoja kwa kamba ya katani. Hewa inaingia, plastiki hailowi, na nafasi ya kutoa pua ipo. Tatizo halikutoka kwa wanyama, lilitoka kwa jumuiya. Jumamosi ile sala ilikuwa ya kwetu, nami nilikuwa nimesahau. Saa kumi na mbili asubuhi wanajumuiya wakaingia sebuleni na kukuta makreti manne ya bia ukutani. Hakuna aliyesema neno. Sala ikaanza. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtaratibu sana, akafungua zipu ya mkoba wake atoe rozari.

Simbilisi hupiga mluzi anaposikia sauti aliyoizoea kuja na chakula. Kwetu mchicha huletwa kwenye mkoba wa zipu.

"Wiiik! Wiiik! Wiiik!" yakajibu makreti.

Mwenyekiti akafunga zipu. Makreti yakanyamaza. Akafungua tena ili atoe kitabu cha nyimbo, makreti yakampokea kwa shangwe. Nikajaribu kueleza, lakini mtu mwenye makreti ya bia sebuleni alfajiri, maelezo yake hayana uzito. Wiki iliyofuata, kwenye maombi ya pamoja, mtu aliwaombea "akina baba wote wanaopambana na kinywaji". Nikaitikia amina pamoja na wenzangu.

Hapo ndipo nikaamua kujenga. Fundi jirani alitaka shilingi 40,000 za ufundi. Nikamwambia asante, mbao na misumari nani asiyeweza? Nikanunua mbao za mbili kwa mbili, paini ya Mafinga. Nikafurahi kwamba mbao na simbilisi wameshuka Dar kwa barabara ile ile. Nikanunua misumari ya inchi mbili, wavu wa kuku, bawaba, komeo na kipande cha bati. Nikachora ramani kwenye daftari la hesabu la Neema: ghorofa moja, ngazi ya ndani, miguu mirefu, na sakafu ya wavu ili kinyesi kidondoke chenyewe.

Futi ya kupimia ina pande mbili, inchi huku na sentimita kule. Mlango niliupima kwa sentimita nikapata 30. Nikageuza futi nikaukata inchi 30. Nilipouinua kuupachika, mlango ulikuwa mpana kuliko ukuta uliotakiwa kuubeba. Sikuutupa. Niling'oa ukuta mzima wa mbele, nikapunguza mlango kidogo, nikaufanya uso wote wa banda kuwa mlango. Fundi akauliza, "Hili ni banda au kabati la nguo?"

Halafu ndiyo ikaja habari ya miguu, ambayo mmeshaisikia.

Jumla ya gharama ikafika shilingi 87,000, bila kuhesabu ukucha wa kidole gumba nilioupoteza kwenye msumari wa kumi na moja. Lakini lilipendeza. Wapita njia walisimama kuliangalia. Chipsi na Mayai nikawaingiza chini, nikawaonyesha ngazi. Wakaitazama kama mzee anavyotazama simu mpya. Nikaweka karoti juu. Wakalala na njaa ya karoti. Simbilisi si mpandaji. Ukimpa ghorofa unampa dari tu. Baada ya siku tatu ghorofa lilipata mpangaji, paka wa jirani, aliyelala humo kutwa kucha, mkono mmoja ukining'inia, akiwaangalia wenzake wa chini kama anayesoma menyu. Usiku nikawa nafunga komeo na kumfukuza kwa fagio.

Mwishoni mwa Februari Neema akaingia ndani anakimbia: "Baba! Mayai ametaga!"

Mayai alikuwa amezaa. Watoto watatu, na si vile vinyama vya waridi visivyo na macho kama vya panya. Mtoto wa simbilisi hukaa tumboni zaidi ya miezi miwili, na akitoka ametoka na manyoya yake, macho yake wazi, meno yake kamili. Siku hiyo hiyo anakimbia na kuonja majani. Nikampigia shemeji simu kumuuliza kuhusu majike yake mawili. Mtandao ukawa mbaya ghafla huko Njombe.

Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki ile mama mkwe akashuka kuwasalimia wajukuu. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla ya chai, alilizunguka banda mara mbili, mikono nyuma.

"Hii ni nini, baba?"

"Banda la simbilisi, mama."

"Hapo juu anakaa nani?"

"Hakuna, mama. Hawapandi."

"Na huyu?"

"Huyo ni paka wa jirani."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo mkwe wangu umemjengea paka wa jirani ghorofa."

Kisha akaingiza mkono, akampakata Mayai na kumpima kwa kiganja. Akauliza, kwa nia njema kabisa, kama tutamla na ugali au na ndizi. Neema alilia mpaka jirani akaja. Nikatoka kumtetea mnyama, nikasema huko Ulaya watoto wanalala nao. Baadaye nikasoma kwamba katika kanisa kuu la Cusco, kule Peru, kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa karne ya 18, kazi ya Marcos Zapata, na kwenye sahani iliyo mbele ya Yesu amelala chali mnyama ambaye watu wengi husema ni simbilisi. Sikumwambia mama mkwe. Mtu ambaye tayari ameshinda, huna haja ya kumpelekea ushahidi.

Alipomgeuza Mayai akatuonyesha nyayo. Zilikuwa nyekundu na zimechubuka. "Huyu si kuku, hana kucha za kung'ang'ania waya," akasema. Akatuonyesha pia mtoto mmoja ambaye mguu wake wa nyuma ulikuwa umezama kwenye tundu la wavu, akiuvuta bila kelele. Hapo nilinyamaza. Ghorofa, ngazi, uso wa mlango, vyote nilivipanga kwa ajili ya mtu anayesimama nje akitazama. Wa ndani sikuwahi kumuuliza anakanyaga wapi.

"Baba yao alikuwa humo humo Mayai alipojifungua?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Chipsi."

"Basi hesabu miezi miwili mingine." Jike la simbilisi hupokea dume ndani ya saa chache baada ya kuzaa. Mimi ningesema hata khanga hajabadilisha.

Mama mkwe akaamua kujenga upya, na kazi yake ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Nyuma ya nyumba kuna rundo la matofali ya saruji ya uzio ambao mwenye nyumba atauanza mwakani, kila mwaka. Tukamwomba, akakubali kwa sharti la kuyahesabu. Kwenye kona ya baraza la jikoni, penye kivuli kutwa, mama mkwe akayapanga yakiungana na kuta mbili za nyumba: manne upande mrefu, matatu upande mfupi, safu mbili kwenda juu. Matofali kumi na manne. Akaongeza sita ya kugawa katikati, huku jike na watoto, kule Chipsi. Sakafu ikatandikwa nyasi kavu, unene wa kiganja. Boksi dogo lililopinduliwa likawa chumba cha kujificha. Hakutumia msumari hata mmoja. Akaagiza kwamba watoto madume wakifikisha wiki tatu wahamie kwa baba yao, la sivyo tutafungua mji. Akaagiza majani mabichi kila siku, mchicha, majani ya mahindi, na kipande cha pilipili hoho, kwa sababu mwili wa simbilisi, kama wetu sisi, hauwezi kujitengenezea vitamini C.

"Kwetu wanakaa jikoni karibu na moto, ubao mmoja mlangoni, basi," akasema.

Hapo nikapata nafasi yangu ya pekee ya kuchangia. Jikoni Njombe wanakimbia baridi. Hapa Dar, joto la Machi linaweza kuwaua. Nikagandisha maji kwenye chupa, nikaizungushia kipande cha khanga, nikailaza kwenye kona ya tofali. Chipsi akaisogelea, akajilaza ubavu, akafumba macho.

"Hapo umefikiri, baba," mama mkwe akasema. Maneno hayo matatu nimeyahifadhi.

Mlango wangu wa inchi 30 sasa unafunika upande wa Chipsi usiku, dhidi ya paka. Banda lenyewe mke wangu alilisugua kwa sabuni siku nzima, akalisogeza karibu na bomba, akaanza kuanikia vyombo. Sakafu ya wavu inachuruzisha maji vizuri sana, juu zinakaa sahani, chini sufuria. Ni kichanja bora kuliko vyote mtaani, na hakiyumbi, maana miguu imebaki inchi nne. Fundi jirani alikuja kukipima kimya kimya. Juzi nimeona ameshauza viwili.

Mwezi Mei walizaliwa wengine wawili, Soda na Maji, wakaungana na Kachumbari, Pilipili na Chumvi. Jumla saba, na matofali ya mwenye nyumba yameisha. Natafuta watu wa kuwapa. Anayewataka aje na kikapu, asije na boksi la televisheni, wala asinunue mbao. Awe na sakafu kavu, kivuli, nyasi, na ukuta wa futi moja na nusu. Nani dume na nani jike nimewakagua mwenyewe, kwa hiyo njoo na mama mkwe wako.