Waraka kwa mwenye jumba aliyesema ni lipu tu

Kwako Mheshimiwa Mwenye Jumba,

Salaamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wote walio chini ya kivuli chako. Sisi wapangaji wako wa hapa Dar es Salaam tu wazima, hofu ni juu yako. Zamani maneno hayo tuliyaandika kwenye barua kwa mazoea. Safari hii nimeyaandika baada ya kutazama juu kwanza, maana hofu yetu kweli iko juu: iko kwenye dari la kibaraza changu, ambalo kwa jirani wa ghorofa ya nne ni sakafu.

Ama baada ya salaamu. Jumatano ile, saa sita mchana, kipande cha dari hilo kiliporomoka kikatua ndani ya beseni la nguo. Mwenye nguo alikuwa ameingia ndani kufuata sabuni. Kipande kilikuwa kikubwa kama sahani ya wali, na beseni sasa halifai hata kuku kunywea maji. Tukakupigia simu. Ukapokea mara ya kwanza tu, jambo ambalo wapangaji wote tumeliweka kwenye kumbukumbu, na ukatujibu kwa utulivu kwamba hiyo ni lipu tu, utamtuma fundi wa rangi. Nakushukuru kwa jibu hilo. Lisingekuwa hilo, nisingeshika kalamu.

Nimefundisha kemia shule za sekondari miaka 31, na mtu aliyezoea maabara hakubali kitu kilichoanguka kitupwe kabla hajakigeuza upande wa pili. Nikakigeuza. Upande wa nje nilihesabu rangi tano, moja juu ya mwenziwe, na kila moja naikumbuka kwa ongezeko la kodi lililokuja nayo. Nyuma ya rangi, lipu nyembamba. Nyuma ya lipu, zege. Na mgongoni mwa zege, mfereji wa rangi ya kahawia iliyoiva, wenye mistari ya mshazari iliyopangika vizuri. Ni chapa ya nondo. Lipu, mzee wangu, haina nondo.

Niruhusu nikurudishe darasani kidogo, ada sitadai.

Watu husema zege linakauka. Zege halikauki, linakomaa: saruji na maji vinaingia katika mmenyuko, na mojawapo ya vinavyozaliwa humo ni chokaa nyingi. Chokaa hiyo ndiyo inayolifanya zege jipya liwe na pH ya 12 hadi 13, na ndiyo inayochuna vidole vya vibarua wanaochanganya bila glavu. Ukali huohuo ni rehema kwa nondo. Ndani yake chuma hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi ile ikiwa nzima kutu haina pa kuanzia. Kwa hiyo usidhani nondo imepona kwa kuwa imefunikwa tu. Imepona kwa sababu imekaa mahali pakali.

Sasa, hewa tunayoipumua ina kabonidioksidi. Inapenya taratibu katika vitundu vya zege, inakutana na chokaa, na chokaa inageuka kuwa kitu kilekile kilichomo katika mawe ya chokaa. Zege halilegei kwa hilo. Pengine huwa gumu zaidi kidogo. Ndiyo maana macho hayaoni kitu. Lakini ule ukali unashuka, na ukifika karibu na pH 9 ngozi ya nondo inayeyuka, chuma kinabaki uchi.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha maabara, alinipa kichupa cha fenolifthaleini. Dawa hii ukiidondoshea zege lenye ukali wake, hugeuka waridi iliyokolea. Kipande chako nilikivunja, nikakidondoshea katikati, pembeni, kila mahali. Kikabaki kijivu kama uso wa mtahini. Nikapanda ngazi, nikajaribu kule juu kilikobanduka: usawa wa nondo ndiko waridi ilikoanzia. Halafu nikapima unene wa zege lililokuwa likiikinga nondo hiyo. Milimita 12, chini ya upana wa kidole changu cha shahada. Vitabu vya ujenzi vinataka milimita 40, hata 50, kwa jengo linalopepewa na bahari.

Hapo hesabu inaumiza, nami naomba uisome polepole kama unavyosoma mkataba. Kabonidioksidi haiendi mwendo mmoja; kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyochoka. Ukizidisha unene wa zege mara mbili, unanunua muda mara nne. Jumba lako lina miaka 20, na hewa imekula milimita 12. Kwa zege hilihili, kwa mafundi walewale, nondo ingekaa milimita 24 tu kutoka nje, hewa ingehitaji miaka 80 kuifikia. Ningekuwa nimezikwa, na wewe ungekuwa umeniongezea kodi mara nyingine sitini.

Kilichokosekana ni biskuti. Simaanishi za chai. Namaanisha vile vijiwe vya saruji na mchanga ambavyo mafundi hufyatua palepale saiti na kuviweka chini ya nondo, ili zisilalie mbao kabla zege halijamwagwa. Katika jengo zima hakuna kitu cha bei nafuu kuliko biskuti. Wazee wa mtaa wanasimulia kwamba ulisimamia ujenzi mwenyewe, umevaa kofia ngumu, na hukuruhusu senti ipotee. Nakuheshimu kwa kubana matumizi. Lakini biskuti, Mheshimiwa?

Tena hewa ingekuwa peke yake, ningekuandikia kwa upole zaidi. Mwizi wa pili ni chumvi. Kaskazi inaileta, kusi inaileta, na chumvi haingoji ukali wa zege ushuke: inajipenyeza hadi kwenye nondo na kuitoboa ngozi hata mahali ambapo chokaa bado ina nguvu. Katika kipande chako nilikuta kigae cha kombe la baharini, kizuri, cheupe, cha kutosha kumpa mtoto achezee. Sijui mchanga ulitoka wapi, sikutuhumu. Nilichofanya ni jaribio la kidato cha tatu: nikasaga zege, nikaloweka, nikachuja, nikatia tone la asidi ya nitriki na matone ya nitrati ya fedha. Mashapo meupe yakashuka kama tui. Kloridi ipo. Kama iliingia na upepo au na lori, wewe uliyekuwa saiti unajua zaidi yangu.

Chuma kikishika kutu kinavimba. Kutu huhitaji nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Na zege, ambalo ukilikandamiza linabeba mizigo ya ajabu, ukilivuta ni dhaifu, lina kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ile. Nondo inalisukuma kutoka ndani. Kwanza unatokea ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo, kama umepigwa rula. Kisha doa la kahawia baada ya mvua za masika. Kisha sauti tupu. Kisha beseni. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimevaa rangi tano.

Ufa wa kwanza wa kibarazani kwangu ulionekana miaka sita iliyopita, nikakuonyesha. Najua utanijibu kwamba uliuziba, na kwamba wahenga ndivyo walivyoagiza. Waliotuachia methali ya ufa na ukuta walikuwa wakijenga kwa udongo, kwa mawe na chokaa. Kuta zao hazikuwa na chuma tumboni. Ufa wa kutu ukiuziba kwa juu, umefunga mdomo wa mgonjwa. Na kuna baya zaidi. Fundi akipachika kiraka cha saruji mpya mahali pamoja, akaiacha chumvi pembeni, nondo ndani ya kiraka hutulia, na kutu huhamia pembezoni mwake na kwenda mbio kuliko mwanzo. Kipande kilichoanguka Jumatano kilibanduka kandokando ya kiraka cha mwaka juzi. Kiraka chenyewe kingali pale, kinang'aa.

Nilishawahi kwenda Kilwa Kisiwani na wanafunzi. Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa ni kazi za karne nyingi, Husuni Kubwa ni ya karne ya 14, matumbawe na chokaa tupu. Ni magofu, sikatai. Lakini baadhi ya kuba za msikiti zingali juu, na hakuna nondo ndani yake ya kuzipasua. Chuma tuliletewa baadaye. Mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, Joseph Monier, alipewa hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya maua vya saruji yenye wavu wa chuma. Vyungu vya maua! Nikipita kibarazani huwa nakumbuka asili hiyo.

Jijini kwetu tukisema jumba limeanguka, watu hukumbuka Kisutu, 29 Machi 2013, roho 36. Lile lilikuwa bado linajengwa, halikupata muda wa kuzeeka. Letu linakwenda pole pole na linatoa taarifa, na kwa hili mfano ni Genoa, Italia. Daraja alilolibuni Riccardo Morandi lilifunguliwa mwaka 1967, na nyaya za chuma zilizolishikilia zilivikwa zege ili zikingwe. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuziona. Mwaka 1979 Morandi mwenyewe aliandika akionya juu ya hewa ya bahari na moshi wa viwanda. Tarehe 14 Agosti 2018 sehemu ya daraja ikaanguka na watu 43 wakafa. Yule bwana alikuwa mhandisi mkubwa na hakuona haya kusema kazi yake inaugua.

Haya, ombi langu ni dogo. Fundi wa rangi mwache apumzike. Amefanya kazi kubwa kuliko ujira wake. Tuletee mhandisi aliyesajiliwa, na nyundo. Agonge dari zote za vibaraza, kama mama muuza nazi anavyogonga nazi zake: palipo pazima patalia kwa sauti ya kujaa, palipooza patalia utupu. Hapo pabomolewe mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe, nondo zilizokonda ziongezewe nyingine, ndipo pajazwe upya kwa zege zito, kisha palowekwe maji siku saba au zaidi. Na lile tangi la juu ya paa linalovuja tangu uchaguzi uliopita lizibwe kwanza, kwani maji yale ndiyo yanayoilisha kutu. Ni gharama, najua. Ukipiga hesabu ya zile rangi tano utashangaa.

Kodi yako ya miezi sita ninayo tayari, imo kwenye bahasha. Sitaituma kwa simu. Njoo uichukue mwenyewe, mchana, tunywe kahawa kibarazani. Kiti chako nitakiweka chini ya kiraka cha mwaka juzi. Cha kwangu kitakaa mlangoni.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

Nakala: wapangaji wenzangu wote, fundi wa rangi.