Kozi Ipo, Ila Haipo: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MPANGO WANGU WA MASOMO KWA MIHULA MINNE, PAMOJA NA PONGEZI KWA MFUMO WA USAJILI

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, programu ya jioni, katika chuo unachokijua vizuri kuliko ninavyokijua mimi, kwa hiyo sitakitaja. Mchana ni afisa mipango wa halmashauri. Kazi yangu ni kukaa na wananchi kijijini, kuwauliza wana fursa gani na vikwazo gani, kisha kuandika mpango na kuupeleka kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai mosi. Nimeshiriki kupanga zahanati, visima na vivuko vya watembea kwa miguu, na vingine mpaka vimejengwa. Kilichonishinda kupanga ni kozi tano za muhula mmoja.

Nianze na pongezi, maana zinastahili. Prospektasi yenu ni kitabu kizuri mno. Karatasi inang'aa, picha ya jalada ina vijana wanaocheka wakitazama kompyuta moja, na ukurasa wa programu yangu una kozi za hiari kumi na moja. Niliisoma usiku mzima kama mtu anayechagua nguo za sikukuu. Nikaweka alama kwenye kozi ya Bajeti na Fedha za Serikali za Mitaa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo iliyonifanya nijaze fomu ya kuomba nafasi. Kozi tisa kati ya hizo kumi na moja, nimekuja kugundua, zimewekwa pale ili ukurasa usionekane mtupu.

Nilipoingia kwenye mfumo, kozi yangu ilikuwepo kwa jina na kwa msimbo, ila kitufe chake kilikuwa cha kijivu. Nikaenda ofisini. Dada wa mapokezi alinipokea kwa heshima zote.

"Kaka yangu, hiyo haijafunguliwa."

"Kwa nini, dada?"

"Kozi ya hiari inafunguliwa ikipata watu kumi. Hiyo haina hata mmoja aliyejisajili."

"Sasa tutajisajilije na haijafunguliwa?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli, akaniambia niandike barua kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara naye, mtu muungwana sana, alinieleza kwamba idara haina pingamizi lolote, inachosubiri ni orodha ya waliojisajili kutoka kwenye mfumo. Ndugu Mkurugenzi, nimefanya kazi serikalini, nimeona faili likizunguka meza hadi meza mpaka likapata umri wa kwenda shule. Lakini mzunguko huu wenu, ambao hauna hata faili, sijauona popote.

Wenzetu wa mkupuo wa Machi mmewatendea makubwa zaidi. Kozi ya Uchambuzi wa Takwimu ina sehemu mbili. Sehemu ya Kwanza hufundishwa muhula unaoanza Novemba, Sehemu ya Pili hufundishwa muhula unaofuata. Aliyepokelewa Machi anaanza na Sehemu ya Pili, kisha akishafaulu anarudi kufundishwa wastani ni nini. Prospektasi inasema waziwazi kwamba hairuhusiwi kuchukua ya Pili kabla ya ya Kwanza. Mfumo unasema usipoichukua ya Pili, usajili wako haujakamilika. Mwanafunzi anatakiwa kuvunja kanuni ya prospektasi ili atii kanuni ya mfumo, na sahihi ya kumruhusu kufanya hivyo anaitoa mshauri wa kitaaluma, ambaye yuko Dodoma kwenye ushauri elekezi. Zamani tungeielewa hiyo safari. Lakini tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Dodoma, na mtu anaweza kwenda asubuhi akarudi kulala kwake. Nadhani mshauri wetu bado hajapata taarifa.

Sasa niingie kwenye mzigo wenyewe, maana hapo ndipo penye fani yangu.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imeweka hesabu iliyo wazi. Krediti moja ni saa kumi za kujifunza, ukijumlisha mihadhara, semina, kazi za kuandika, kujisomea na mitihani. Shahada ya uzamili haipungui krediti 180, yaani saa 1,800 za mtu na vitabu vyake. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 120, muhula ni 60, nanyi mmezigawa katika kozi tano za krediti 12 kila moja. Saa 600, wiki 15, ni saa 40 kila wiki.

Mwajiri wangu naye ananihitaji kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, siku tano. Saa 40 nyingine. Usingizi nimejikadiria saa saba kwa usiku, 49 kwa wiki, na nakiri hapo nimejipendelea. Barabara ya Morogoro, kutoka nyumbani Mbezi hadi kazini Kibaha, Kibaha hadi darasani, darasani hadi Mbezi, inachukua saa tano kila siku ya kazi, hizo ni 25. Jumla saa 154. Wiki, hata ile ya afisa mipango, ina saa 168. Zinabaki 14, mbili kwa siku, za kula, kuoga, kuangalia daftari la mtoto, ibada, kuhani misiba na vikao vya harusi. Kikao kimoja cha harusi cha ukoo wangu kinamaliza za wiki nzima, na mwenyekiti wa kamati hajawahi kusikia habari za krediti. Kuna mhadhiri alinishauri niwe nasoma ndani ya daladala. Ni ushauri mzuri kwa mtu aliyepata siti.

(Hizi hesabu za masomo kwa saa, kwa faida ya wanaopenda historia, zina asili ya kufurahisha. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie wa Marekani aliweka fedha za kuwalipa maprofesa pensheni. Taasisi iliyosimamia fedha hizo ikaweka sharti: chuo kinachotaka maprofesa wake wapate, kiwapokee wanafunzi kwa kipimo kimoja cha saa walizosoma sekondari. Vyuo vikakubali haraka sana, na desturi ya kupima elimu kwa saa ikaota mizizi hadi vyuoni kwenyewe. Kwa hiyo tunapokesha tukihesabu krediti tukumbuke kwamba mwanzo wa jambo hili ulikuwa uzee mwema wa wahadhiri. Sina kinyongo.)

Prospektasi inasema programu ya jioni "imeandaliwa mahsusi kwa watumishi wenye majukumu". Nimelinganisha mzigo wetu na wa wanafunzi wa mchana, kozi kwa kozi. Ni uleule. Tofauti pekee kati yetu na wao ni jua.

Nikaona basi nipunguze, nichukue kozi tatu kwa muhula, nimalize taratibu lakini nimalize nikiwa mzima. Mfumo ukaniandikia kwa rangi nyekundu kwamba usajili haujakamilika. Nikauliza kuhusu ada, nikaambiwa ada ni ya muhula, si ya kozi, kwa hiyo wa kozi tatu analipa sawa na wa kozi tano. Hata kwenye kafteria ya chuo, anayechukua nusu sahani halipi sahani nzima.

Lakini nisiwasingizie, Ndugu Mkurugenzi. Mzigo mwepesi upo, mnautoa kila mwaka, ila una njia yake. Mtu anachukua kozi tano kama alivyoagizwa. Mbili zinamshinda. Anafanya sapu, moja inapita, nyingine inakuwa keri. Kozi ya keri hufundishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo anasubiri mwaka, anaisoma peke yake, kozi moja tu, kwa utulivu ambao angeupenda tangu mwanzo. Analipia mtihani, analipia kuongezewa muda, analipia kuhuisha usajili. Kwa maneno mengine, chuo kinaruhusu kabisa mtumishi kusoma taratibu. Sharti ni aanguke kwanza. Anayeomba kwa hiari yake, kabla hajaanguka, huyo ndiye ambaye usajili wake haujakamilika. Na wale wanaodisko kabisa, ambao nilikaa nao dawati moja na ni watu wenye akili zao, wengine wanakusanya kodi za nchi hii na wengine wanaendesha hospitali za wilaya, mnawaandika kwenye takwimu kama watu ambao hawakuwa na uwezo.

Kuhusu ratiba sitasema mengi. Mna wiki mbili za kuongeza na kupunguza kozi, na ratiba hutoka wiki ya tatu. Ilipotoka, kozi zetu mbili za lazima zilikuwa zote Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni, moja Jengo la Utawala na nyingine ng'ambo ya uwanja wa mpira. Tuligawana: nusu ya darasa huku, nusu kule, tukibadilishana notisi kwenye kundi la WhatsApp. CR wetu ndiye aliyepanga nani aende wapi, kwa usiku mmoja, bila kamati na bila posho. Kwa kuwa mnatafuta watu wa kusimamia ratiba, namleta kwenu kwa mapendekezo.

Mwingine ninayempendekeza ni mama wa steshenari aliyeko nje ya geti. Fomu ya kuongeza na kupunguza kozi, ambayo ofisini huwa imekwisha, yeye anayo, shilingi mia tano. Anakupa na kalamu ya wino wa bluu, kwa kuwa ya wino mweusi mnairudisha. Anakuambia, huku akiendelea kutoa kopi ya mtu mwingine, "Baba, anza na mhasibu, usianze na idara. Ukianza na idara mhasibu atakurudisha. Na muhuri wa Ndaki ugongwe kona ya kulia, usifunike tarehe." Nimesoma kanuni zenu zote za masomo ya uzamili pamoja na viambatisho vyake. Hakuna ukurasa wenye habari sahihi kama sentensi hizo. Mama huyu hana hata cheti chenu kimoja, na nadhani Seneti ingeliangalia jambo hilo.

Sasa maombi yangu, na hapa naacha utani kidogo.

Sisi halmashauri tukitaka fedha tunalazimika kusema kwanza zitafanya nini, wapi na lini, na mwananchi ana haki ya kuuona huo mpango ukiwa umebandikwa ukutani. Naomba chuo kifanye hivyohivyo. Kabla hamjanipa namba ya malipo, nibandikieni kozi mtakazofundisha katika mihula minne ijayo: zile mbili za hiari zilizo hai, si zile kumi na moja za picha. Kama ni mbili, semeni mbili. Mtu anayejua kwamba zipo mbili anapanga. Anayeahidiwa kumi na moja analipa ada, kisha anaanza kuandika barua kama hii.

Ada ihesabiwe kwa krediti. Krediti mnazo, mmezihesabu mpaka kwenye desimali mnapotupa GPA, kwa hiyo haziwezi kuwa ngumu kuhesabu wakati wa kudai pesa. Mtumishi achukue kozi mbili au tatu kwa muhula bila kuandikwa kwa nyekundu, na muda wa juu wa programu upimwe kwa mwendo huo. Mkupuo wa Machi, kama hamuwezi kuwafundisha Sehemu ya Kwanza wanapoingia, acheni kuwapokea Machi. Najua mkupuo huo unaleta ada katikati ya mwaka wakati akaunti zimekauka. Nami kwangu zinakauka Machi.

Mwisho ni ile kozi yangu. Baada ya kutoka kwa mkuu wa idara niliuliza kwenye kundi nani mwingine anaitaka Bajeti na Fedha za Serikali za Mitaa. Yamekuja majina kumi na mawili: maafisa mipango, waweka hazina wawili, mkaguzi wa ndani mmoja na diwani mmoja mstaafu ambaye anasema anataka kujua zile fedha zilikuwa zinakwenda wapi. Nimeambatisha orodha, yenye namba za usajili na sahihi, wino wa bluu, muhuri wa idara kona ya kulia, tarehe haijafunikwa. Mhadhiri wa kuifundisha yupo, tumeongea naye, ana Alhamisi jioni tupu. Kinachohitajika ni mtu wa ofisi yako aingie kwenye mfumo akibonyeze kile kitufe cha kijivu. Tafadhali kibonyezwe kabla ya Ijumaa saa sita usiku, maana hapo ndipo namba zetu za malipo zinapoisha muda, na kuomba nyingine, nimeambiwa, lazima kwanza uwe umesajiliwa kozi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa jioni,
Usajili haujakamilika

Nakala:
Mkuu wa Idara – kwa taarifa
CR, Uzamili Jioni – kwa utekelezaji
Mama wa steshenari, nje ya geti – kwa ushauri